Lulu Baada ya Sultani

Majuma matatu baada ya Sultani kufa, kichwa cha Lulu kilijaa vitu vyeupe vilivyosimama kama ncha za sindano, kuanzia juu ya mdomo mpaka nyuma ya shingo. Nilidhani ameshikwa na ugonjwa wa ngozi, na nilikuwa nimeshaanza kuulizia dawa, nilipokumbuka kwamba katika miaka minne niliyoishi na ndege hawa wawili nilikuwa nimeviona vitu vile mara nyingi kifuani na mabawani, lakini kichwani sikuwahi kuviona vikikaa hata siku mbili. Yalikuwa manyoya mapya. Unyoya wa ndege huchomoza ukiwa umefungwa ndani ya ala nyembamba yenye rangi ya nta, na ala hiyo sharti ipasuke na kupukutika ndipo unyoya ufunguke. Kifuani, mabawani na mkiani ndege huifanya kazi hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Kichwani hawezi, kwa sababu mdomo hauwezi kukifikia kichwa ulichoota juu yake. Atajikuna kwa ukucha na kujisugua kwenye kijiti, na kwa njia hiyo atapunguza kidogo, lakini kazi yenyewe ni ya mwenziwe. Lulu hakuwa na mwenzi tena, na kichwa chake kiliutangaza ujane wake wazi kuliko mlio wowote alioutoa.

Tangu siku ile nimeacha kuuzungumzia upendo wa ndege hawa kama watu wanavyouzungumzia, yaani kama jambo la moyo tu. Maisha ya cherero, kama ndege hawa wanavyoitwa, yamegawanywa katika kazi ambazo haziwezi kufanywa na mmoja, na anapofiwa, kila mojawapo ya kazi hizo hubaki nusu. Anayetaka kumsaidia hana budi kuzijua kazi zenyewe, moja baada ya nyingine.

Cherero ni kasuku wadogo wenye mkia mfupi, ambao vijana wengi wa mjini huwajua kwa jina la lavbedi. Ziko spishi tisa, nane za bara la Afrika na moja ya kisiwa cha Madagaska. Jina lao la kisayansi, Agapornis, lilitolewa mwaka 1836 na Mwingereza Prideaux John Selby, aliyeyaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, upendo na ndege. Na Wafaransa nao huwaita kwa neno lenye maana ya wasioweza kutenganishwa. Wangu ni cherero wa Fischer: mwili wa kijani, uso na shingo vyenye rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na duara jeupe la ngozi kuzunguka jicho. Asili yao ni nyika zilizo kusini mwa Ziwa Victoria, Serengeti ikiwamo, kwa hiyo hapa Mtwara ni Watanzania walio ugenini, kama alivyo mtumishi aliyehamishiwa Shangani, hapa mjini, kutoka Mwanza. Nilirithishwa na mjomba wangu alipohama, naye alikuwa amewanunua kwa mfugaji wa Dar es Salaam mwenye kibali cha kuwazalisha tunduni.

Nilipowapokea walikuwa wameshazoeana kiasi kwamba ilikuwa vigumu kumtazama mmoja bila kumwona mwenziwe. Kabla jua halijachomoza, tundu likiwa bado limefunikwa kanga, nilisikia mlio mdogo wa chini kwa chini, ambao hawakuutoa wakati mwingine wowote wa siku. Nilipoifunua kanga niliwakuta wameshaanza kuchambuana: mmoja ameinamisha kichwa na kufumba macho nusu, mwingine anapita unyoya kwa unyoya, kwa ncha ya mdomo ambao ungeweza kupasua mbegu ngumu, wala hamuumizi. Baada ya muda hubadilishana. Kisha walishuka pamoja kwenye kibakuli cha uwele na ulezi, na kama mmoja alishiba mapema alirudi kijitini lakini hakukaa; alishuka tena, akasimama kando ya mwenziwe aliyekuwa bado anakula. Mara kwa mara mmoja alicheua mbegu zilizolainika na kumtia mwenziwe mdomoni, kama mzazi anavyomlisha kinda. Jua lilipozama, karibu na adhana ya Magharibi, waliitana mara mbili au tatu kwa sauti kali, hata kama walikuwa wamekaa hatua moja tu, halafu wakapanda kijiti cha juu: Lulu kushoto, Sultani kulia, mabega yakigusana. Katika miaka minne sikuona wamebadilishana nafasi.

Mlio huo wa kuitana nauona ndio uzi uliowashona siku nzima. Nilipomtoa mmoja ili nisafishe tundu na kumpeleka chumba cha pili, yule aliyebaki aliita, naye aliyetolewa aliitikia, na mazungumzo hayo yaliendelea mpaka wakaonana. Porini cherero huishi kwa makundi, na ndege asiyejibiwa ni ndege aliyepotea. Nawaomba wanaofuga walikumbuke hilo wanaposikia kelele na kukasirika, maana nyingi ya kelele hizo ni swali moja tu: uko wapi?

Jinsi tabia hizi zilivyo ndani ya damu ilionyeshwa vizuri na mtaalamu wa Marekani, William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika utafiti wake maarufu uliochapishwa mwaka 1962. Cherero wa Fischer hubeba vipande vya kujengea kiota kwa mdomo. Ndugu yake mwenye uso wa waridi, anayetoka Namibia na Angola, huvichomeka katikati ya manyoya ya kiuno na kuruka navyo. Dilger aliwazalisha machotara wa spishi hizo mbili. Machotara hao walihangaika: walijaribu kuchomeka vipande kiunoni, vikaanguka, wakajaribu tena, na hata baada ya miaka kadhaa, walipokuwa wameshazoea kubeba kwa mdomo, bado waligeuza kichwa kuelekea kiunoni kabla ya kuruka, kama mtu anayegusa mfuko ambao haupo. Kisa hicho kilinirudia akilini nilipomwona Lulu, siku za mwanzo za upweke wake, akiinamisha kichwa kijitini na kufumba macho nusu, akingoja kazi ambayo hakuna wa kuifanya.

Nimesema Sultani, na msomaji atakuwa ameshamwona kama dume. Sisi pia tulimwona hivyo, kwa sababu alikuwa mkubwa kidogo na ndiye aliyelisha zaidi. Lakini cherero wa Fischer dume na jike hufanana, na macho hayatoshi kuwatofautisha. Katika mwaka wa pili tuliwawekea kisanduku cha kutagia, na baada ya majuma mawili binti yangu, wakati huo akiwa na miaka sita, alihesabu mayai tisa. Jike mmoja hutaga manne mpaka sita. Waliyaatamia kwa zamu kwa muda unaozidi siku ishirini na tatu ambazo yai la cherero huhitaji, na hakuna hata moja lililopasuka. Wote wawili walikuwa majike. Jina la Sultani lilikuwa limeshamkaa, nasi hatukulibadilisha. Wala uhusiano wao haukupungua chochote kwa sisi kuujua ukweli. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi, alisema tu, "Basi hao ni ndugu wa kuchaguana." Majike wawili, au madume wawili, huweza kushikamana maisha yote kama dume na jike, na huomboleza vilevile.

Kosa langu lilianzia kwenye kisanduku kile. Nilikiacha humo, kwa kuwa waliupenda utulivu wake, nao wakaendelea kutaga. Kila ganda la yai hutengenezwa kwa kalsiamu inayotolewa mwilini mwa ndege mwenye uzito wa gramu hamsini hivi, na mbegu kavu hazina kalsiamu ya kutosha kuirudisha. Wafugaji wa Ulaya huwanunulia ndege wao dukani mfupa wa dome, yule mnyama wa baharini wa jamii ya pweza. Mimi naishi mahali ambapo mifupa hiyo myeupe, myepesi kama mbao kavu, hutupwa na bahari yenyewe. Nimeiokota ufuoni Msimbati nikiwa mtoto na kuitumia kufutia ubao, na sikuwahi kuitundika hata mmoja ndani ya tundu. Kila nikiupita ufuo nikaiona, huyakumbuka hayo.

Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba, mwaka wa nne, nilimkuta Sultani chini ya tundu, manyoya yameumuka, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Yai lilikuwa limekwama. Daktari wa mifugo niliyempigia simu alinieleza la kufanya mpaka nitakapoweza kumfikisha kwake asubuhi: joto, mvuke wa maji ya moto chumbani, utulivu, na asikamuliwe kamwe, kwa sababu yai likipasukia ndani ndege hufa. Nilijaza maji ya uvuguvugu kwenye chupa, nikaizungushia kanga, nikamlaza kando yake. Nilijaribu kumtenga na Lulu ili apumzike, lakini walilia kwa nguvu kiasi kwamba nilimrudisha. Lulu alikaa chini usiku kucha, mahali ambapo hakuwa akilala kamwe. Sultani alikufa kabla ya Alfajiri.

Niliuacha mwili pale kwa muda wa saa moja hivi. Nilifanya hivyo kwa sababu niliijua sababu ya kifo. Kama ingekuwa ni maradhi ya kuambukiza, nisingethubutu kuuacha hata dakika moja, hasa kwa vile psitakosisi, ugonjwa wa kasuku, huwapata na binadamu. Lulu alizivuta kwa taratibu nyoya za shingo ya Sultani, kama alivyozivuta kila asubuhi. Kisha akainamisha kichwa chake mbele ya mdomo wa mwenziwe, akangoja. Alirudia hivyo mara nne. Halafu akapanda kijiti cha juu, upande wake wa kushoto, wala hakushuka tena nilipouondoa mwili. Sidai kwamba alielewa kifo ni nini. Ninachosema ni kwamba ndege aliyeuona mwili na kuuacha mwenyewe hakumtafuta Sultani ndani ya kisanduku wala nyuma ya kabati, alimwita tu.

Alimwita kwa siku tatu. Mlio ulikuwa mmoja, mrefu, kisha kimya cha kusikiliza, kisha mlio tena, na ukali wake ulizidi jua lilipokaribia kuzama. Siku ya nne alinyamaza, na majirani waliokuwa wakinihurumia walidhani amezoea. Ukimya ule ndio ulionitisha, kwa sababu ulikuja pamoja na manyoya yaliyoumuka na kibakuli ambacho hakikupungua.

Hapa nataka kuisema imani ambayo nimeikuta karibu kwa kila mtu anayewajua ndege hawa, kwamba cherero akifiwa na mwenziwe naye lazima atakufa, tena kwa siku chache, na kwamba hakuna la kufanya. Naipinga imani hii kwa moyo wote, si kwa sababu huzuni yao ni ndogo, maana nimeiona kwa macho yangu, bali kwa sababu inawafanya watu wakunje mikono. Cherero huweza kuishi miaka kumi, hata kumi na mitano, na wengi huishi miaka mingi baada ya kufiwa. Wanapofuatana kufa kwa siku chache, mara nyingi ni kwa kuwa walikunywa maji yaleyale, walivuta hewa ileile na waliambukizana maradhi yaleyale. Kikaango kisichogandisha kikisahauliwa jikoni mpaka kikapata moto kupita kiasi, hutoa mvuke unaoua ndege kwa muda mfupi sana. Kipande cha parachichi alicholishwa mmoja kwa wema huenda alilishwa na wa pili. Watu husema kafa kwa mapenzi, na hakuna anayekwenda jikoni kutazama.

Kilichobaki baada ya kuyaondoa hayo yote ni njaa, nayo ni hatari ya kweli. Ndege wa ukubwa huu hana akiba mwilini. Siku mbili bila kula zinatosha kumwangusha. Nilianza kumpima Lulu kila asubuhi kwenye mzani mdogo wa jikoni, ndani ya kikapu kidogo cha ukili ambacho uzito wake nilikuwa nimeutoa. Siku ya kwanza alikuwa na gramu 51. Siku ya nne alikuwa na 46. Ukiyatazama manyoya peke yake hutaiona tofauti hiyo, kwa sababu ndege anayedhoofika huyaumua na kuonekana mnene. Mzani ndio uliosema ukweli, na ningependa kila anayefuga cherero awe nao kabla hajahitaji kuutumia.

Alikuwa na chakula mbele yake, tena kilekile. Kilichokosekana ni mtu wa kula naye. Ndege wa kundi hula wanapoona wengine wanakula, na Lulu tangu akiwa kinda hajawahi kushuka kibakulini peke yake. Basi tulianza kula naye. Binti yangu aliweka sahani yake kando ya tundu, na kila alipotia tonge mdomoni alikigonga kibakuli cha Lulu kwa kucha, kwa kasi ileile ya mdomo unaodonoa. Mimi nilishika suke la uwele mkononi, nikawa nazipukuchua punje moja moja mbele yake. Siku ya kwanza alitutazama tu. Siku ya pili, mchana, alishuka na kudonoa punje tano, akapanda. Jioni alishuka tena. Baada ya juma moja alikuwa amerudi gramu 49, nami nikalala usingizi.

Ushauri ulikuwa mwingi. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alinihimiza niagize mwingine kesho yake, kabla Lulu hajamkumbuka sana aliyekufa. Mama mkwe wangu alikataa. "Mwanangu, huyu kafiwa," aliniambia. "Mwache akae eda yake." Nilimjibu kwamba nahofia kumwacha mpweke, naye akaniangalia kama mtu aliyesikia jambo geni. "Nani kasema aachwe mpweke? Kwetu mfiwa halali peke yake. Hapelekewi mume, lakini watu wapo." Kuanzia siku hiyo aliuhamisha mkeka wake wa barazani akauweka chini ya tundu, na kila alasiri alikaa pale akisuka ukili, akizungumza mambo yake kwa sauti ya chini. Sijapata kusoma mahali popote ushauri uliokuwa sahihi kuliko huo. Kumletea ndege mgeni mara moja ni kumwongezea hofu juu ya huzuni, tena majike ya cherero hulinda tundu lao kwa ukali na huweza kumjeruhi mgeni, hata kumuua. Lakini kumwacha katika kona ya chumba chenye kimya ni vibaya zaidi. Katika juma la pili Lulu alianza kuinamia chini ya tundu kuutazama ukili, na mama mkwe akampitishia kipande kati ya nyaya. Alikishika kwa mguu, akakichana kwa urefu, mchano ulionyooka kama wa mkasi. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nilimwona akishughulika.

Tulifanya kosa moja katika kipindi hicho. Binti yangu, akimhurumia, alimtundikia kioo, na Lulu alichangamka mno kiasi kwamba tulifurahi. Ndani ya siku tatu alikuwa hatoki mbele ya kioo, akikicheulia mbegu ambazo zilitiririka chini bila kupokelewa, huku uzito ukianza kushuka tena. Alikuwa anamlisha ndege asiyekula. Nilikiondoa nikiwa na uchungu, na nawasihi wengine wasikiweke.

Halafu zikaja zile sindano nyeupe za kichwani. Nilipozitambua, nilijaribu kuichukua kazi ya Sultani kwa kidole changu. Niliosha mikono, nikalowesha ncha za vidole kwa maji ya uvuguvugu, nikapitisha kidole nyuma ya shingo. Alining'ata mpaka damu ikatoka. Haikuwa chuki: ala ambazo bado zina damu ndani huuma zikiguswa, na mimi sikujua kuzichagua. Kwa muda nilijifunza kuzitofautisha, zile zilizokauka na kuwa nyeupe kabisa zikisagika kama unga kati ya kidole gumba na cha shahada, na zile zenye weusi au wekundu kwenye shina nikiziacha. Juma la tano, baada ya swala ya Alasiri, Lulu alisogea kwenye nyaya, akaniinamishia kichwa na kufumba macho nusu. Nilikaa pale zaidi ya nusu saa, mkono ukiwa umekufa ganzi.

Ningeweza kuishia hapo na kuwa mwenzi wake, na wapo wanaofanya hivyo vizuri. Lakini cherero aliyekuchagua wewe anahitaji uwepo alfajiri, mchana na jioni, siku zote, kwa miaka ambayo huenda ikafika kumi. Mimi ni mwalimu. Natoka nyumbani saa moja asubuhi na kurudi saa tisa au kumi alasiri, na mama mkwe wangu ni mtu mzima ambaye siwezi kumfunga na tundu. Kumzoesha ndege kidole kisha kutoweka kwa muda wa saa nane kila siku ni kumfanya afiwe kila asubuhi. Kwa hiyo niliamua kumtafutia ndege mwenzake, bila haraka.

Nilisisitiza jambo moja kwa kila niliyemuuliza: sitaki ndege aliyekamatwa porini. Katika miaka ya 1980 cherero wa Fischer walikuwa miongoni mwa kasuku wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani, wakinaswa kwa maelfu huko kaskazini mwa nchi yetu na kusafirishwa nje, na mpaka leo idadi yao porini haijawa ya kuridhisha. Nchi yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na kufuga ndege hawa kunahitaji kibali. Watu hulizungumzia jambo hili kama suala la idadi na sheria, nalo ni hivyo kweli. Lakini baada ya kumwona Lulu akiinamisha kichwa mbele ya mdomo usiofunguka, siwezi kuzisoma habari za ndege walionaswa bila kuwawazia wale waliobaki mtini jua likizama, wakiita.

Yule mfugaji aliyemuuzia mjomba alikuwa bado anafuga, naye alikuwa na ndege wa umri wa miaka miwili ambaye mwenziwe pia alikuwa amekufa. Alisafirishwa mwezi wa Februari kwa basi, zaidi ya kilomita 550, ndani ya kisanduku chenye matundu ya hewa, chini ya uangalizi wa jamaa yetu aliyekuwa anarudi. Tulimwita Mgeni, na jina limebaki. Kwa siku arobaini alikaa chumba kingine, na vyombo vyake vilioshwa peke yake, kwa sababu ndege anaweza kubeba maradhi bila kuonyesha dalili. Hata hivyo, siku ya pili tu Lulu alimsikia. Alisimama wima, akasikiliza, akaita mlio ule mrefu ambao hakuwa ameutoa tangu Oktoba, na kutoka chumba cha pili ukarudi mlio.

Karantini ilipokwisha niliyaweka matundu mawili ubavu kwa ubavu, nikiacha nafasi ya kiganja, maana cherero wenye wasiwasi hung'atana vidole vya miguu kupitia nyaya. Juma la kwanza Lulu alimpa mgongo. Juma la pili walianza kula kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kibakuli chake. Juma la tatu niliwakuta usiku wamelala kila mmoja amejibana kwenye nyaya za upande wa mwenziwe. Ndipo nikawahamishia wote katika tundu la tatu, ambalo halikuwa la mmoja wao, nikakaa nao siku nzima ya Jumapili. Walifukuzana, mara mbili nilinyanyuka ili niwatenganishe, na mara mbili wakaacha wenyewe. Mwezi wa Aprili mwishoni, wakati wa mapukutiko mengine ya manyoya, nilichunguza kichwa cha Lulu kwa karibu. Kilikuwa laini, rangi ya chungwa imeshuka mpaka shingoni bila alama yoyote.

Kisanduku cha kutagia hakipo tena, na jioni tundu hufunikwa mapema, kwa sababu saa nyingi za mwanga humchochea jike kutaga. Shemeji yangu, ambaye ni mvuvi wa Msimbati, huniletea mifupa ya dome kila anapokuja mjini. Mmoja umefungwa kando ya kijiti cha juu, na kingo zake zimeshatafunwa mpaka zikawa kama msumeno.

Mgeni hulala kushoto. Lulu amesogea kulia, mahali palipokuwa pa Sultani, nami sikumwona siku aliyohama. Jua linapozama bado huita ule mlio mrefu, mara moja tu, na Mgeni humjibu akiwa amemgusa bega. Lulu hugeuka kwanza upande wa kulia, kwenye nyaya, halafu upande wa kushoto, ndipo hufumba macho.